Diski moja Goma, nyingine Bukavu

Ukutani kwa shangazi yangu, Bukavu, kuna picha ya harusi ya wazazi wangu. Baba amevaa suti iliyomzidi mabega, mama ameinamisha uso kidogo, na nyuma yao kuna pazia la studio lenye maua. Kona ya chini kushoto ina doa la chai. Ndiyo picha pekee ya harusi ile iliyobaki. Albamu yetu iliteketea Goma tarehe 17 Januari 2002, siku lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoukata mji katikati hadi ikaingia ziwani Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia, na nyumba yetu karibu na Birere nayo ikaenda. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, pamoja na umati wa watu, mama amebeba mtoto na sufuria, baba amebeba godoro. Albamu hakuna aliyeikumbuka, na sijawahi kumlaumu yeyote kwa hilo.

Picha ile ilipona kwa sababu moja. Baba alipokwenda kusafisha picha za harusi alitoa nakala mbili, na moja akampelekea dada yake upande wa pili wa ziwa. Volkano haikuwa akilini mwake. Alitaka tu dada yake awe nayo.

Mwaka 2021 nilikuwa na kompyuta ya mezani huko Mabanga, mtaa wetu wa Goma, sebuleni, chini ya dirisha. Ndani yake mlikuwa na picha za watoto tangu walipozaliwa, vyeti vyao, hati ya parseli niliyoiskani, masomo ninayowaandalia wanafunzi wangu, na kitu kilichozidi vyote hivyo kwa thamani: rekodi 31 za sauti ya mama. Mama alifariki mwaka 2019. Miaka yake miwili ya mwisho nilikuwa nakaa naye jioni, naweka simu juu ya kigoda, naye anasimulia utoto wake Masisi, ng'ombe wa babu yake, nyimbo walizoimba wakipalilia maharage. Katika rekodi moja unasikia mvua ikianza kupiga mabati, naye anapaza sauti bila kukatisha hadithi. Kila nilipomaliza nilihamishia rekodi kwenye kompyuta, kisha nikaifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Kwangu kompyuta ndiyo ilikuwa sanduku lenye kufuli.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei, kama saa moja jioni, anga upande wa kaskazini likawa jekundu. Tulitoka na usiku, tukarudi kulipokucha, lava ikiwa imesimama Buhene, jirani na uwanja wa ndege. Kisha ardhi ikatikisika siku baada ya siku, kuta zikapasuka, na asubuhi ya tarehe 27 likatoka tangazo la kuhamisha mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Wa kwetu ulikuwemo. Wengine walishika barabara ya Sake kwa miguu, wengine wakaenda Gisenyi, wengine wakagombania boti za Bukavu. Mimi nilisimama sebuleni nikaitazama ile kompyuta: mnara wake, kioo chake, fundo la nyaya nyuma yake. Mke wangu ana mtoto mgongoni, mimi nina mifuko miwili mikononi. Nikaiacha.

Nyumba haikuungua. Tuliporudi tuliikuta kompyuta pale pale, ina vumbi jeusi juu. Kilichoiua ni umeme. Siku hizo ulikuwa unakatika na kurudi, na mara moja ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka kwa weupe wa kuumiza macho, halafu kutoka kwenye mnara nikasikia mlio ambao hadi leo nikiusikia mahali moyo unashtuka: ka, ka, ka. Kimya. Ka, ka, ka.

Fundi wetu wa mtaani aliinama, akategea sikio, akaizima mwenyewe. "Mwalimu, usiiwashe tena." Akanieleza kitu ambacho ningepaswa kukijua kabla. Diski ya aina ile, ambayo huku kwetu tunaiita kwa Kifaransa disque dur, ni sahani ngumu zinazozunguka. Nyingi za nyumbani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu yake kuna kichwa cha kusomea kinachoelea kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele mmoja wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikiharibika, diski hugonga hivyo kwa kuwa inatafuta mahali pa kuanzia kusoma na haipaoni. Kila unapoiwasha tena kichwa kibovu kinaweza kukwangua sahani, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kuifungua kunahitaji chumba kisicho na chembe ya vumbi na vichwa vya diski nyingine ya aina ileile. "Mimi hapa nina bisibisi," alisema, na alikuwa anasema kwa huzuni.

Rekodi 9 zilipatikana. Nilikuwa nimezituma kwa WhatsApp kwa yaya, dada yangu mkubwa anayeishi Kinshasa, naye hakuzifuta. Ya mvua ipo. Ya nyimbo za kupalilia haipo. Nilifanya kama baba bila kujua: nilichompa mtu wa mbali ndicho kilichobaki, nilichokiweka mwenyewe kikaenda. Hapo ndipo nilipoamua kwamba safari hii sitasubiri bahati.

Diski ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya uongo. Kisanduku chake kilimetameta, kimeandikwa terabaiti 2, bei dola 25. Kijana aliyeniuzia alisema, "Mkubwa, hii ni ya kisasa, haina sahani, hata ikianguka haijali." Nilipoichomeka, kompyuta iliikubali na kuonyesha To 1.81, kwa sababu skrini zetu za Kifaransa huandika Go kwa gigabaiti na To kwa terabaiti. Hesabu hiyo yenyewe haina wizi: watengenezaji huhesabu terabaiti kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo terabaiti 2 hutokea kama 1.81, na terabaiti 1 hutokea kama Go 931. Wengi hudhani wameibiwa hapo. Wizi ulikuwa kwingine.

Kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw. Kazi yake ni kujaza diski kwa faili za gigabaiti moja moja, 1.h2w, 2.h2w, 3.h2w na kuendelea, halafu inazisoma zote upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Niliiambia ijaribu gigabaiti 200 tu. Ilichukua karibu saa tatu kuandika, na huo mwendo wa kobe peke yake ulikuwa dalili. Katika kusoma, faili za mwanzo zilipita, kisha kabla ya kufika 60 kila kitu kikawa takataka. Nilipasua ganda kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na kadi ya kumbukumbu kama ya simu, imegandishwa kwa gundi, pamoja na kipande cha chuma cha kuipa uzito mkononi. Ile kadi ilikuwa imefundishwa kudanganya ukubwa wake: unaandika, inapokea, majina ya faili yanaonekana yote, lakini nafasi ikiisha inaandika juu ya vya zamani au inatupa vipya. Mtu angeweza kuhifadhi humo picha za miaka 10, akaona orodha yake nzuri kila siku, na asijue chochote mpaka siku ya kuzihitaji. Hili ndilo linaloniudhi kuliko wizi wa simu sokoni. Anayeiba simu unamjua siku hiyohiyo.

Tangu hapo sinunui diski bila risiti na bila kukubaliana na muuzaji kwamba nina siku mbili za kuipima. Anayekataa masharti hayo, naaga. Ya pili niliipata katika duka lenye mlango wake na jina lake, kwa dola 60. Muuzaji alizitazama noti zangu moja moja kwenye mwanga, akarudisha moja iliyokuwa na mpasuko mdogo pembeni, kama ilivyo kawaida ya mji huu, nami sikukasirika. Anayekagua noti hivyo anaelewa kwa nini nami nakagua diski.

Nilichagua diski ya sahani, terabaiti 1, ile ndogo ya inchi 2.5 inayoingia mfuko wa shati. Ziko kubwa za inchi 3.5, na kwa kila terabaiti huwa nafuu zaidi, lakini zinataka plagi zake zenyewe ukutani. Kwa Goma hilo peke yake linanitosha kuzikataa. Ndogo inakunywa umeme kupitia waya uleule wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kunakili, betri ya laptopu inazibeba zote mbili mpaka kazi iishe. Tena kuna ile siku ya mifuko miwili. Kitu kisichoweza kuingia kwenye mfuko wakati mtoto yuko mgongoni, mimi sikihesabu tena kuwa mahali pa kuhifadhia.

Na zile zisizo na sahani, za SSD? Ni nzuri sana kwa anayebebwa na pikipiki kila siku juu ya mawe ya lava, maana hazina kinachozunguka wala kinachogonga. Udhaifu wake uko upande mwingine. Data humo hushikwa kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja polepole diski ikikaa bila kuchomekwa. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka vipimo vya vifaa hivi, kinataka SSD ya nyumbani iliyoandikwa hadi mwisho wa uhai wake ishike data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30 za joto. Diski mpya hudumu zaidi ya hapo, lakini diski ninayotaka ilale sandukuni chini ya nguo, mimi naipendelea ya sahani. Ikizimwa vichwa vyake huegeshwa pembeni, na safari inaivumilia. Isichovumilia ni kusukumwa au kuangushwa inapozunguka, kwa hiyo wakati wa kunakili inakaa mezani peke yake, mbali na watoto na mbali na kikombe. Flashi nazo nina neno moja: ni za kubebea faili kutoka hapa hadi kwa mchapaji.

Ukubwa, chukua mara mbili au tatu ya ulicho nacho. Mimi nilikuwa na gigabaiti 180.

Kabla ya kuitumia niliifomati kwa NTFS, mmoja wa mifumo ya kupanga faili kwenye diski. Diski nyingi za kubeba huja na mfumo mwingine, exFAT, ambao ina faida ya kusomwa na kuandikwa na Windows na Mac bila shida. Lakini NTFS ina daftari la ndani: kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili, inaandika kwanza inachotaka kufanya, hata umeme ukikatika ghafla inajua pa kurudia. exFAT haina daftari hilo. Umeme ukikata au mtoto akivuta waya wakati wa kuandika, unaweza kuchomeka kesho ukaambiwa diski haijafomatiwa. Katika mji ambao umeme huondoka bila kuaga, sikuona la kufikiria mara mbili. Kompyuta ya mezani ya jirani yangu tuliiwekea pia onduleri, kile kisanduku chenye betri kinachoipa dakika za kuzimika kwa heshima.

Kunakili kwenyewe niliiachia Windows. Katika mashine yangu ya Windows 10 kuna kifaa kilichojengwa ndani, kwa Kifaransa kinaitwa "Historique des fichiers". Unakionyesha diski, unakiwasha, nacho kila saa kinapita kwenye folda zako na kunakili kilichobadilika. Uzuri wake ni kwamba kinatunza na matoleo ya zamani. Ukiharibu waraka Jumatatu na ukagundua Alhamisi, wa Jumapili bado upo. Wenye Mac wana Time Machine inayofanya kazi hiyo, tangu mwaka 2007.

Nakala ya kwanza ilichukua zaidi ya saa moja. Nilipoona imekwisha nilifurahi sana, na ningeweza kuishia hapo. Lakini yule fundi alikuwa ameniambia neno nililolishika: usiseme una nakala mpaka umeirudisha. Jumapili mchana nikaichomeka diski kwenye laptopu ya mke wangu na kujifanya kompyuta yangu imekufa. Picha za watoto zipo. Masomo yapo. Vyeti vipo. Nikatafuta rekodi za mama. Hazipo.

Nilikaa nikiangalia skrini huku mikono imekuwa baridi. Kifaa kile hunakili folda za kawaida tu: nyaraka, picha, muziki, video na eneo la mezani. Mimi rekodi za mama nilikuwa nimezitenga kwenye sehemu ya D ya kompyuta, katika folda yenye jina lake, nikidhani nazipa heshima ya mahali pake. Kifaa hakikujua kwamba mahali hapo papo. Niliongeza folda ile kwa mkono, nikanakili upya, nikarudisha upya, nikafungua kila moja kati ya zile 9 na kusikiliza dakika yake ya kwanza. Kama utachukua jambo moja katika maneno yangu yote, chukua Jumapili hii. Iweke yako.

Diski haikai imechomekwa. Naichomeka Jumatano na Jumapili jioni, naiacha imalize, naitoa kwa utaratibu, naichomoa. Virusi vinavyofunga faili na kudai fedha hufunga kila diski vinayoikuta imeunganishwa, na kishindo cha umeme hakichagui.

Watu huniuliza kwa nini nisiweke kila kitu mtandaoni. Fanya hesabu nami. Gigabaiti 180, kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, ni zaidi ya siku 8 usiku na mchana bila mtandao kukatika hata mara moja, na mega zote hizo unazilipia. Naweka huko vyeti na hati ya parseli, kwa kuwa ni vyepesi, basi. Tena huduma nyingi za mtandaoni hufuatisha tu: ukifuta hapa, kule nako kunafutwa, na usiposhtuka mapema imekwenda.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeipa jina kanuni inayojulikana kama 3-2-1: nakala tatu za kitu chako, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Nilipoisoma nilimwona baba akiingia studio kuchukua picha zake mbili.

Kwa hiyo nilinunua diski ya pili kwa ajili ya Bukavu. Kwa kuwa ingesafiri na kulala mbali nami, na ndani kuna hati zetu, niliifunga kwa VeraCrypt, programu ya bure. Inatengeneza faili moja kubwa kama ghala, na bila nywila hakuna fundi atakayeifungua, hata mimi mwenyewe. Nje ya ghala niliacha programu yenyewe, ili atakayeipata diski asihangaike kuitafuta. Nywila niliiandika kwenye karatasi mbili. Moja ninayo, nyingine yaya anayo Kinshasa. Shangazi ana diski bila ufunguo, yaya ana ufunguo bila diski.

Mara ya kwanza niliipeleka mwenyewe kwa boti, ndani ya begi, katikati ya sweta mbili. Sasa binamu yangu anayefanya biashara kati ya miji hii miwili ndiye anayezibadilisha, kila baada ya miezi kama mitatu: anapeleka iliyojazwa upya, anarudi na iliyokuwa kule. Shangazi aliipokea siku ile kwa mikono miwili, akaigeuza.

"Papa, hiki kitu kinakula umeme?"

"Hapana, shangazi. Kinalala tu."

"Basi kitalala na vitenge vyangu."

Kabla hajaifungia sandukuni nilitaka kuijaribu, ileile Jumapili yangu nifanye na pale. Bukavu nako umeme haukuwepo, nikawasha laptopu kwa betri, nikafungua ghala, nikachagua rekodi moja bila kufikiri. Ilikuwa ya mvua. Sauti ya mama ikatoka, halafu mabati, halafu yeye akipaza sauti juu ya mabati. Shangazi aliketi kwenye kiti kilichokuwa chini ya ile picha. Alikuwa hajamsikia wifi yake tangu mazishi.

Baada ya dakika moja nilikuwa nimethibitisha nilichotaka kuthibitisha, na betri ilikuwa imebaki asilimia 14. Nikanyoosha mkono nifunge. Akaushika.

"Muache amalize."